"Mbona maziwa yamechacha?" Kisa cha swali lililochelewa kumfikia mlinzi

Jumatatu ya tatu simu iliita nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Mtu wa mapokezi kiwandani, Mbeya mjini, hakusalimia hata. "Mama, mzigo wako umekataliwa tena. Lori linarudi."

Lita elfu moja na ushee. Hata mtindi halali hayafai kutengenezwa, maana hayakuchachishwa na mtu, yamejichachia yenyewe njiani.

Wakati huo nilikuwa nasimamia kituo cha kukusanyia maziwa Rungwe, pembeni ya barabara ya lami inayoteremka kutoka Uyole kwenda Tukuyu na Kyela. Kampuni siitaji. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye vigae, tangi la kupozea la lita 2,000, jenereta chini ya banda la bati, na stoo. Wafugaji wetu wengi walikuwa na ng'ombe mmoja au wawili wa kufungia ndani, nyuma ya migomba, na walileta maziwa asubuhi na jioni, wengine kichwani, wengine kwa bodaboda. Kila siku saa tatu asubuhi lori lilikuja kuchukua maziwa ya jana jioni yakiwa yamechanganyika na ya asubuhi ile. Nilikuwa na watu watano: kijana wa vipimo na msaidizi wake, karani, mtunza stoo, na mzee wa makamo aliyelinda usiku.

Ndani ya wiki tisa za masika mzigo ulirudishwa mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa Jumatatu. Leo ukinisimulia hivyo nitakuambia jibu limo humo humo kwenye siku. Wakati ule sikuliona, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kumtafuta mkosaji.

Niliitisha kikao saa nane mchana. Nakumbuka maneno yangu karibu yote, maana baadaye niliyaandika kwa kujiadhibu.

"Mbona maziwa yamechacha tena? Si mlipima?"

"Tulipima, mama."

"Na tangi lilikuwa nyuzi nne?"

"Nyuzi nne, mama. Ipo kwenye daftari."

"Kuna tatizo lolote ambalo mimi silijui?"

"Hakuna, mama."

"Kwa hiyo tumeelewana."

"Tumeelewana."

Dakika nne, kikao kimekwisha. Na katika dakika hizo nne hakuna aliyenidanganya. Vipimo vilifanyika kweli: laktomita, kile chombo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji, ilizamishwa kwenye kila keni, na kila keni ilijaribiwa kwa alkoholi, kijiko cha maziwa na kijiko cha alkoholi, ukitikisa uone kama yanaganda. Asubuhi tangi lilisoma nyuzi nne kweli. Nilipewa majibu ya kweli matatu mfululizo, nikatoka na ujinga ule ule niliokuja nao.

Tazama maswali yenyewe. "Mbona" haiwezi kuulizwa kwa upole hata ukiipaka asali. Mtu akikuambia "mbona umechelewa", hajaomba maelezo ya safari yako, amekwisha kuona kosa na anasubiri utetezi. "Si mlipima?" ni mbaya zaidi, kwa sababu jibu limewekwa tayari ndani ya swali na kazi ya anayejibu ni kuitikia tu. Na lile la tatu, "kuna tatizo lolote?", mbele ya watu, kwa mtu mdogo wako kicheo, Kiswahili kizima kina jibu lake moja nalo ni "hamna shida". Tumelelewa hivyo. Mtoto akiulizwa "nani kavunja kikombe?" hafikirii kikombe, anafikiria mlango.

Basi kwa kuwa watu wangu walikuwa "wamepima", nikahitimisha kwamba wafugaji ndio wanaotuchezea, wanatia maji. Nikaagiza laktomita isomwe kwa ukali kuanzia keni ya kwanza ya asubuhi, na keni yoyote iliyosoma chini ya kiwango irudi na mwenyewe. Siku ya pili bibi mmoja, ambaye nadhani katika maisha yake hajawahi kuongeza hata tone la maji kwenye maziwa, alirudishwa na lita saba. Alikaa juu ya jiwe mbele ya geti kama nusu saa hivi, keni katikati ya magoti, hasemi kitu. Maziwa yake yalikuwa yametoka kukamuliwa dakika chache kabla, bado yana joto la ng'ombe. Laktomita yetu ilikuwa imetengenezwa kusoma maziwa yaliyo nyuzi 20. Maziwa ya moto ni mepesi, kwa hiyo chombo kinazama zaidi na kusoma chini, utafikiri yametiwa maji. Kijana wa vipimo alilijua hilo. Nilipomuuliza baadaye, aliniambia, "Mama, ulisema kiwango ni kiwango."

Hayo ndiyo madhara ya swali bovu ambayo watu husahau kuyahesabu. Ukikosa jibu hubaki mikono mitupu. Unaokota jibu lolote lililo karibu na kuanza kulifanyia kazi.

Aliyenizindua alikuwa dereva wa lori. Alikuwa amekaa dirishani siku ile ya kikao akisubiri karatasi zake. Siku mbili tatu baadaye, tukiwa tunapakia, akaniambia huku anacheka: "Bosi, wewe unauliza kama trafiki wa hapo chini. Leseni ipo? Ipo. Bima ipo? Ipo. Kizimamoto? Kipo. Haya nenda. Sasa mimi trafiki akiniuliza hivyo, nitamwambia breki zinavuta kushoto?"

Nilicheka naye. Usiku sikulala vizuri.

Asubuhi ya pili sikuita kikao. Niliwahi kituoni saa kumi na mbili na robo, nikamkuta kijana wa vipimo anafungua. Nikamwomba tukae pale pale kwenye tangi, kila mtu juu ya ndoo yake iliyogeuzwa. Nikasema, "Ile Jumatatu mzigo uliporudi, hebu nisimulie ulivyoingia humu ndani. Ulianza na nini?"

Alinyamaza. Kunyamaza kwa namna ile mimi nilikuwa nakujaza kwa swali jingine, na safari hii nilijizuia kwa nguvu. Nikatazama bomba la kuoshea sakafu. Pengine ilikuwa nusu dakika, kwangu ilikuwa saa nzima.

"Nilifungua mlango," akasema. "Nikawasha taa. Kompresa ilikuwa inanguruma."

"Kwa kawaida saa hizi ikoje?"

Akaangalia juu, kama anaisikiliza. Palikuwa kimya. "Kwa kawaida naikuta imenyamaza kitambo."

Asiyefanya kazi hii hawezi kuona uzito wa maneno hayo. Maziwa ya jioni yanaingia tangini kama saa moja usiku, yana joto. Kompresa, ile mashine ya kupozea tangi, inafanya kazi mfululizo saa mbili, tatu hivi, hadi yafike nyuzi nne, kisha inapumzika, inashtuka mara moja moja tu kuyashikilia hapo. Ukiikuta alfajiri inanguruma mfululizo, maana yake ni kwamba ilianza kazi ya kupoza kwa kuchelewa sana.

Kinywani lilinijia "Mbona hukusema?" Lilishafika kwenye meno. Nikalimeza, nikauliza, "Wewe ulifikiri ni nini?"

"Nilifikiri umeme ulikatika ukarudi. Ila mimi sikuwepo, mama. Na daftari linauliza nyuzi ngapi tu."

Hapo niliona haya. Daftari nililitengeneza mwenyewe: safu ya tarehe, safu ya nyuzi, safu ya sahihi. Hata karatasi yangu ilikuwa inauliza kama trafiki.

Katika kikao cha saa nane mtu aliyekuwepo usiku hakuwepo, na asingeweza kuwepo. Mlinzi anatoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, mchana yuko shambani kwake au amelala. Miezi saba nilikuwa nimemsalimia kwa kupunga mkono kutoka ndani ya gari. Kwenye orodha yangu ya "watumishi wa maziwa" hakuwemo. Alikuwa kwenye ukurasa wa ulinzi.

Nilimfuata saa moja usiku. Alikuwa amekaa kibarazani na koti la mvua, kajiko ka mkaa miguuni, amechoma ndizi. "Shikamoo, baba." Akaitikia, akasimama haraka akitaka kunipa kiti chake, akaniita mama kama wengine wote wanavyoniita, ingawa ana umri wa kunizaa. Nilikaa kwenye kreti. Tuliongea kuhusu mvua, bei ya ndizi, mwanawe aliye Tunduma. Sikuwa nampamba, sikujua nianzie wapi. Sehemu hii wageni wa mijini huiruka wakidhani ni kupoteza muda, lakini kwa watu wa huku anayekuja moja kwa moja na swali lake amekuja kukamata mtu.

Nikasema, "Baba, nisaidie. Jumapili ile umeme ulipokatika, ikawaje?"

Akasimulia bila haraka. Ilikuwa saa moja na nusu, radi moja kubwa, giza. Vijana walikuwa wamekwisha mimina maziwa na kuondoka. Umeme ulirudi saa tisa usiku imepita. Yeye alizunguka na tochi, akakagua milango, akakaa.

"Sasa, ukikatika hivi tunavyoongea, utafanyaje? Nionyeshe."

Alichukua tochi, akaenda kwenye banda. Akafungua kifuniko cha tangi la jenereta, akamulika ndani: pakavu. Akafunga. Akatembea hatua kama kumi na tano hadi mlango wa stoo, palipo madumu ya dizeli, akashika kufuli kubwa la shaba, akalitikisa kidogo. Akanigeukia.

"Hapa ndipo ninapofika, mwanangu."

Mtunza stoo alikuwa anaondoka Jumamosi mchana na kurudi Jumatatu. Siku nyingine umeme ukikatika jioni anaitwa, anakaa karibu, anakuja na ufunguo. Jumamosi usiku na Jumapili yuko kwao, bonde la chini kuelekea Kyela. Jumamosi umeme haukuwahi kukatika saa mbaya. Jumapili ulikatika mara tatu, saa ile ile ambayo maziwa ya jioni yametoka tu kumiminwa. Na tangi lina koti nene la kuzuia joto, ambalo halichagui: linalinda ubaridi, na linalinda moto vile vile, kama chupa ya chai. Kwa hiyo usiku wa Tukuyu, pamoja na baridi yake yote, haukusaidia kitu. Maziwa yalikaa na joto lake saa saba na zaidi, bakteria wanazaliana, kisha umeme unarudi, yanapozwa hadi nyuzi nne, na asubuhi daftari linasoma vizuri kabisa. Kipimo chetu cha alkoholi kilikuwa kinapita kwa shida; kiwandani wanatumia alkoholi kali zaidi, na saa mbili nyingine za njiani, yanaganda.

Nilimuuliza mlinzi kama aliwahi kumweleza mtu. Alisema ndiyo, zamani, kabla sijaja. Alimpigia msimamizi aliyenitangulia saa tatu usiku, akajibiwa: "Mbona unanisumbua? Kazi yako ni kulinda." Tangu hapo akalinda.

Ningekuwa naandika ili kujisifu ningeishia hapa: meneja kajifunza kuuliza, mlinzi kafunguka, ufunguo wa pili umechongwa. Ufunguo ulichongwa kweli. Ila kisa kina upande ambao maswali mazuri hayakuutibu.

Nilikwenda kwa mtunza stoo na adabu yangu mpya. Sikusema mbona, sikusema nani. "Kaka, hebu nieleze utaratibu wa ufunguo ulianzaje." Alinitazama muda mrefu, kisha akajibu kwa sentensi moja: "Ulianza nilipokatwa."

Karibu miaka miwili kabla yangu, madumu mawili ya dizeli yalipotea wikiendi. Stoo ilikuwa haifungwi kwa kufuli lile. Ufunguo ulining'inia msumarini kwa ajili ya dharura kama hizi hizi. Ofisi haikuuliza ilikuwaje. Iliuliza "nani anahusika na stoo?", na jibu likawa fupi. Alikatwa bei ya madumu yote mawili kwenye mishahara mitatu. Akanunua kufuli kwa pesa yake. Ukilitazama hivyo, maziwa yangu yalianza kuchacha siku ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wazi kuhusu jambo hili, na wasimamizi wengi hatujaisoma. Mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi fidia ya hasara mpaka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo, mwajiri awe ameeleza kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, na mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kuipinga. Na makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi robo ya ujira wake. Ukiiangalia vizuri, sheria inamlazimisha bosi kuuliza kabla ya kukata. Kwa mtunza stoo hakukuwa na karatasi hata moja. Nilipanda ofisini mjini nikalisema hilo. Hawakumrudishia pesa. Walikubali tu kwamba kuanzia hapo hakatwi mtu bila maandishi. Nilirudi na nusu mkate, na yeye alijua kwamba ni nusu. Aliutoa ufunguo wa pili, hakuutoa moyo, na sijui kwa nini ningemlaumu.

Kuna utafiti ninaoupenda kwa sababu unaonyesha jambo hili kinyumenyume. Miaka ya 1990 Amy Edmondson, baadaye profesa wa Harvard, alichunguza makosa ya dawa katika hospitali za Marekani akitarajia kwamba timu zinazofanya kazi vizuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kwamba timu nzuri ndizo zenye makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huenda hazikosei zaidi, bali zinathubutu kuyasema. Kituo changu kwa hesabu ya daftari kilikuwa hakina kosa hata moja kwa miezi saba. Ningepaswa kuogopa.

Nako Japani viwanda vya Toyota vilijulikana kwa mtindo wa kuuliza "kwa nini" mara tano mfululizo hadi kufika kwenye mzizi. Nimejaribu. Pale kwetu, kufika "kwa nini" ya tatu mtu ameshaanza kuomba msamaha. Kwa Kiswahili nimeona "ilikuwaje", "ikawaje", na "nionyeshe" vinafika mbali zaidi, kwa sababu vinaomba hadithi au vinaomba mkono, na katika hadithi mtu anaweza kutaja kufuli bila kumtaja mwenye kufuli. Haya ni maoni yangu. Mwenye "kwa nini" ya upole aitumie.

Nilipitiliza pia. Kwa mwezi mzima niligeuka mtu wa "unaonaje?" Karani ananiletea bei ya sabuni, namuuliza anaonaje. Kijana anauliza kama aanze kuosha tangi, namuuliza anaonaje. Siku moja karani akaweka kalamu mezani: "Mama, mimi naona wewe ndiye unayelipwa kuamua." Alikuwa sahihi. Kuna maswali ambayo ni kumtupia mwenzako mzigo wako na kuuita ushirikishwaji. Nilimwambia anunue ile ya mche.

Tuliyobadilisha ni machache. Ufunguo wa pili ulikaa kwa mlinzi ndani ya bahasha iliyotiwa sahihi ya mtunza stoo kwenye gundi, ili ikifunguliwa ijulikane na asikatwe mtu kwa hisia. Daftari liliongezewa safu moja tu, "usiku umeme ulikuwaje", na ya kuijaza ni mlinzi. Kikao cha wiki kilihamia saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mlinzi akiwa hajatoka, vijana wakiwa wanaingia. Kila mtu alinung'unika, mimi wa kwanza. Yule bibi wa lita saba nilimfuata nyumbani. Maziwa alinipa, chai alinipa, msamaha alisema ataufikiria. Siku hizi maziwa ya moto yanapoa kwanza kwenye karo la maji ndipo yapimwe.

Jumapili moja mwezi Mei, radi kama ile, simu yangu ikaita saa mbili kasoro dakika kumi usiku. Mlinzi.

"Umekatika, mwanangu. Bahasha nimefungua, jenereta linawaka, dizeli nimeandika."

Nikamshukuru, nikataka kukata.

"Subiri," akasema. "Kuna lile koki la chini la tangi. Hujaniuliza, ila linavuja tangu mwaka jana."